Mateso na jirani yake, adhabu

Walimu wangu, wanafunzi, na wageni wetu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa kuzungumzia neno mateso, lakini sina budi kuanza na jirani yake, adhabu.

Adhabu tumelipata kwa Waarabu. Kwao, adhab ni maumivu makali anayotiwa mtu, na Kurani inalitaja mara nyingi. La ajabu ni kwamba mzizi huohuo, ain, dhal na ba, umezaa pia adhb, yaani maji matamu. Aya ya 53 ya Suratul Furqan inayataja maji hayo, ikiyatenga na ya chumvi. Watunga kamusi wa kale walilitafakari sana jambo hili. Wako waliosema mzizi huo una maana ya kuzuia: maji matamu huzuia kiu, na adhabu humzuia mkosaji asirudie kosa.

Sisi Waswahili tuliegemea upande wa mkosaji. Kwetu adhabu ni malipo ya kosa; hata sheria kuu ya jinai ya Tanzania Bara inaitwa Kanuni ya Adhabu. Ukiambiwa fulani kapewa adhabu, utauliza, "Kafanya nini?" Ukiambiwa kateswa, utauliza, "Nani kamtesa?" Tesa ni kitenzi chetu cha Kibantu, na kinamtaka mtendaji ajulikane. Ndiyo maana nasikitika kila tunaposema wafungwa "waliteseka" ilhali tunajua waliteswa. Katika teseka, mtesaji hayumo.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(e), inayaweka maneno yote mawili pamoja: ni marufuku mtu kuteswa, na ni marufuku pia kuadhibiwa kinyama. Kwa hiyo hata adhabu ya mahakama ina mpaka, na ikiuvuka haiokolewi na jina lake.

Tazameni Hola, Kenya. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau, walinzi waliwapiga watu waliokataa kufanya kazi. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai walikufa baada ya kunywa maji! Haikusema waliteswa, haikusema hata waliadhibiwa. Maji tu.

Wazee walionusurika katika kambi za namna hiyo walisubiri zaidi ya miaka 50. Mwezi Juni 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni. Serikali yake ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya madai ya watu 5,228. Hatimaye neno lilitamkwa, na mtesaji akatajwa. Lakini katika hotuba hiyohiyo Hague alisema serikali yake haikubali kuwajibika kisheria kwa vitendo vya utawala ule.