Fuata bomba: Linux mpya imeingia vizuri, sauti hakuna

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa, maana itakuwa kituko kuzungumzia sauti halafu sisikiki.

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza naweka Linux, yaani mfumo endeshi wa kompyuta, kwenye mashine yangu kila kitu kilikubali, waifai, skrini, kibodi, ila sauti kimya. Nikafomati. Kimya. Nikafomati tena nikaweka distro nyingine kabisa, yaani aina nyingine ya Linux, kimya vilevile, usiku umeisha hivyo hivyo, kumbe sauti ilikuwa inatoka bila shida yoyote, ila ilikuwa inapelekwa kwenye monita kupitia waya wa HDMI na monita yenyewe haina spika! Klik moja kwenye setingi ingemaliza kazi. Ndo maana siku hizi mtu akiniambia anataka kufomati kisa sauti namwambia tulia kwanza. Bomba lisipotoa maji huvunji nyumba, unafuata bomba uone limeziba wapi.

Na bomba lenyewe si refu. Chini kabisa kuna kadi ya sauti, juu yake kerneli, yaani moyo wa Linux, na draiva zake, programu ndogo zinazoiendesha kadi, hiyo sehemu ya sauti inaitwa ALSA, iliingia rasmi kwenye kerneli ya 2.6 mwaka 2003. Juu ya ALSA kuna seva ya sauti ambayo kazi yake ni kuchanganya sauti za programu zote na kuamua zitokee wapi. Zamani ilikuwa PulseAudio, sasa hivi distro nyingi zimehamia PipeWire, Fedora walianza nayo kwenye toleo la 34 mwaka 2021, Ubuntu wakafuata kwenye 22.10. Hii historia siwapi kwa kujionyesha. Mtu anagugo tatizo lake anapata jibu la mwaka 2009, anaambiwa futa hiki, ongeza mstari huu kwenye faili lile, anapesti tu, na mwisho anakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Angalia tarehe ya jibu kwanza, tafadhali.

Sasa fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, andika `aplay -l`. Hiyo ndo inakwambia tatizo liko upande gani wa bomba. Ikikuletea orodha ya kadi na ya spika zako imo, si ya HDMI peke yake, basi kerneli imeiona kadi na shida iko juu, nenda kwenye setingi. Ikikwambia "no soundcards found" shida iko chini, na hapo hata ubonyeze vitufe vya volyumu mpaka viote sugu hutapata kitu. Ni hali hiyo hiyo ambayo kwenye setingi unakuta kifaa kimoja tu kimeandikwa "Dummy Output", yaani spika ya uongo, seva imekosa pa kupeleka sauti ikajitengenezea shimo la kuitupa.

Tuanze na huko chini maana ndo kunatesa watu wa laptopu mpya. Laptopu nyingi za miaka hii zenye prosesa za Intel, sauti yake inapita kwenye kichakataji kidogo kinachohitaji fimweya yake, faili linalopakiwa kila unapowasha mashine. Faili lisipokuwepo, kadi haiamki. Andika `sudo dmesg | grep -i sof` inakuchujia ujumbe wa kerneli unaotaja sof, ndo hiyo fimweya ya sauti, halafu soma taratibu, usiogope maandishi mekundu. Ukiona mstari unaolalamika kwamba fimweya ya sof imeshindwa kupakiwa, "failed with error -2", hiyo -2 maana yake faili halipo. Basi. Kadi haijafa, imekosa faili. Kwenye Debian paketi inaitwa `firmware-sof-signed`, kwenye Arch ni `sof-firmware`. Weka, zima mashine kabisa, washa.

Juu sasa. Kama kadi inaonekana, andika `wpctl status`. Chini ya Sinks utaona sehemu zote ambazo sauti inaweza kutokea, yenye kinyota ndo inayotumika. Mimi usiku ule kinyota kilikuwa kwenye HDMI. Chukua namba ya spika zako, tuseme ni 52, andika `wpctl set-default 52`, kwisha. Na kama pembeni kumeandikwa MUTED, jamani, imezimwa tu, hakuna mchawi.

Kinyota kikiwa mahali pake na bado kimya, ingia `alsamixer`. Hapa wengi wanakwama kwa sababu kinafunguka kinaonyesha mhimili mmoja tu wanadhani ndo mwisho, hapana, bonyeza F6 uchague kadi yenyewe, utaona Master, Speaker, Headphone na wenzake. Chini ya kila mmoja kuna kiboksi, kikiwa na MM umezibwa, bonyeza M ufungue. Halafu sogea kulia mpaka ukutane na Auto-Mute Mode. Huyu bwana ananyamazisha spika akihisi umechomeka hedifoni, na tundu likiwa na vumbi au sensa mbovu anahisi hedifoni ambayo haipo! Mweke Disabled ujaribu.

Ukitaka kuhakikisha, `speaker-test -c 2 -t wav`, utasikia mtu anatamka kushoto, kulia. Ukimsikia huyo ila brauza haisemi, shida ni brauza, pengine ni tabu tu umeizima mwenyewe ukasahau.

Nimeulizwa hapa, ukirekebisha halafu ukiriboot inarudi kimya? `sudo alsactl store`, inatunza mipangilio ya alsamixer.

Na swali la pili, mtu alipoijaribu Linux kwenye flashi kabla hajaiweka kwenye diski sauti ilikuwa inatoka, baada ya kuiweka haitoki. Swali zuri sana, maana hapo kadi ni nzima na kerneli ile inaijua, kwa hiyo tafuta kilichokuwepo kwenye flashi ambacho hakikuingia kwenye diski, na wa kwanza kumshuku ni fimweya. Njoo na hiyo mashine hapa mbele, tuchomeke kwenye projekta, andika `aplay -l` wote tuone.