Kukodi ama kununua pampu ya maziwa: maongezi na kina mama, Kondele, Kisumu

Haya kina mama, hamjambo. Na nyinyi wazee wawili mliokaa kule mlangoni tunawaona, sogeeni mbele, hii maneno ni yenu pia juu nyinyi ndio mtaitishwa pesa.

Nimeambiwa niongee juu ya pampu ya kukamua maziwa, kama mtu akodi ama anunue. Hili swali naulizwa sana kliniki na karibu kila mtu analiuliza kama swali la bei. Bei tutafika. Kwanza nataka ujue maziwa yako yanapita wapi yakishatoka kwa titi, halafu ujue hiyo mashine utaihitaji kwa muda gani. Ukishajua hayo mawili, mambo ya kukodi na kununua inajijibu yenyewe karibu yote.

Hebu dada wa hapa mbele, shika hiyo hosi ndogo ya hii pampu iko kwa meza, inua uangalie kwa mwanga wa dirisha. Unaona nini? Matone. Eeh, na pale karibu na mwisho? Sema kwa sauti wenzako waskie. Vidoti vyeusi. Hiyo ni kuvu. Hii pampu mama mmoja alijinunulia mwenyewe, mtumba, akaniletea nimwangalilie kama iko sawa, ilikuwa inang'aa, boksi yake iko, hata karatasi ya maelezo iko. Kwa macho huwezi jua. Lakini maziwa ya yule aliyekuwa nayo kwanza yalipanda kwa hosi, yakaenda kwa mota, na mota haifunguliwi ukaichemsha kwa sufuria.

Hiyo ndio pampu tunaita ya wazi. Hakuna kitu kimezuia kati ya maziwa na mota. Mnajua posho mil, unasaga mahindi yako lakini unga wa aliyekutangulia kidogo umebaki ndani, unaenda nao nyumbani na hata hujali, na kwa ugali haina shida. Kwa maziwa ya mtoto wa wiki mbili iko shida. Kuna virusi vinapita kwa maziwa, kuna bakteria, kuna hiyo kuvu, na sitaki mtu atoke hapa aseme nesi amesema fulani ni mgonjwa, mimi sijui nani ako na nini na wewe pia hujui, ndio maana hatubahatishi.

Ile ingine ni ya kufungwa. Ndani kuna kizuizi, saa ingine ni kampira kadogo tu, kanaacha nguvu ya kuvuta ipite lakini maziwa hayapiti. Sasa skizeni hapa vizuri juu hapa ndio watu wanachomeka: si kila pampu ya kufungwa inaruhusiwa kushare. Nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa mama mmoja, mota yake ikishamtumikia huyo imechoka. Zile za watu wengi ni zile kubwa za hospitali, mota nzito, na kila mama anakuja na seti yake: faneli, yaani ile sehemu inakaa kwa titi, valvu, chupa, hosi. Mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, inasema pampu ya mtu mmoja isitumiwe na wa pili hata kama ni dada yako wa toka nitoke. Na wanasema pia hilo jina la "kiwango cha hospitali" halina maana moja iliyokubaliwa, kwa hivyo muuzaji akikuimbia hilo wewe muulize tu, imeandikwa kwa karatasi yake ni ya watumiaji wengi? Akianza kuzunguka zunguka, rudisha pesa kwa pochi.

Kwa hivyo mimi nasema hivi, mota unaweza kukodi. Kile kinachogusa maziwa, nunua.

Na si mambo mapya. Karibu miaka 100 iliyopita kule Marekani kulikuwa na injinia anaitwa Edward Lasker, mchezaji mkubwa wa chesi pia, sijui alikuwa anapata wapi muda, yeye ndio alitengeneza moja ya pampu za mota za kwanza, ikatumika kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mashine za namna hiyo zilikuwa kubwa na ghali, za wodi, si za kubeba kwa mkoba. Huko kwao kukodi mpaka leo ni kitu ya kawaida, na tangu ile sheria yao ya afya ya 2010 bima inafaa kulipia pampu, iwe ya kukodi ama mpya ya kubaki nayo. Sisi hapa inatoka mfukoni, basi lazima tupige hesabu wenyewe.

Tupige. Namba ni za mfano tu, msiende kumpigia mtu kelele ati nesi alisema. Tuseme kukodi ni 4,000 kwa mwezi na seti yako ya kununua ni 3,500. Na pampu yako mwenyewe ya nyumbani, mpya, ya kuchaji, ni 9,000. Mwezi wa kwanza kukodi umetumia 7,500, uko chini. Mwezi wa pili umefika 11,500, umeshapita bei ya kununua. Na sijaweka depoziti, ambayo hiyo irudi ama isirudi inategemea mwenye mashine ameamka aje. Itisheni maandishi tafadhali, hata kama ni meseji ya WhatsApp, na mpige picha ya mashine siku unaichukua.

Sasa nani akodi? Mama ambaye mtoto ako nasari, ile wodi ya watoto wachanga, pale Russia, hospitali yetu ya Jaramogi Oginga Odinga, amezaliwa mapema, hawezi kunyonya, anapewa maziwa kwa mrija. Huyo mama anafaa kukamua kama mara 8 kwa masaa 24, usiku pia, juu titi linatengeneza kulingana na vile linaondolewa, ukiliacha limejaa linajua hakuna mteja. Huyo anataka mota yenye nguvu, ya matiti mawili kwa pamoja, na anaitaka sasa, si mwezi ujao, na pengine ni ya wiki chache tu mpaka mtoto ashike titi. Huyo akodi. Lakini zile siku mbili tatu za kwanza, yale maziwa mazito ya njano, tumia mkono. Ni matone, mashine inayapoteza kwa faneli na kona za plastiki, mkono unayadondosha kwa kikombe straight. Mkono hauna kodi, na kila mama hapa nitamfundisha kabla hajaenda nyumbani, hata wewe unasema ushajua.

Anayerudi kazini, huyo anunue. Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ni miezi 3, mtoto anafaa maziwa ya mama peke yake miezi 6, kwa hivyo hiyo miezi 3 katikati na ingine mingi mbele ni yako na pampu. Na mjue hii: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyesha, na imetaja mpaka soketi ya stima ya pampu na mahali pa kuweka maziwa baridi. Unapewa mapumziko ya kukamua mbali na lanchi, jumla yasizidi lisaa limoja kwa kila masaa 8 ya kazi, na unalipwa. Bosi akisema hajawahi skia, msomee kifungu cha 71 na 72. Usikubali kutumwa kwa choo.

Chagua yenye betri, stima ya hapa mnaijua. Uwe na ile ndogo ya mkono kando. Na faneli ikuenee, nyingi zinakuja na ya milimita 24 na kuna wamama wengi hiyo ni kubwa kwao, ukiskia uchungu si ati wewe ni mwoga, badilisha saizi.

Joto je. Ule mwongozo watu wanashika wa maziwa kukaa masaa 4 nje ni wa nyuzi 25 kwenda chini, sasa nionyesheni hiyo nyuzi 25 Kisumu saa nane mchana. Weka kwa kikapu cha baridi chenye barafu iliyoganda, hapo yanaweza kukaa masaa 24, kwa friji siku 4. Na vifaa vioshwe kwa beseni yao, si ile umetoka kuoshea omena.

Mama wa nyuma ameinua mkono. Sema. Anauliza kama chama chao wanaweza kununua moja waitumie wote. Nimependa. Ndio, ikiwa ni ile ya watumiaji wengi, si hii ya nyumbani. Chama kinunue mota, kila mwanachama anunue seti yake na aende nayo kwake. Muwe na kitabu, nani amechukua tarehe gani, amerudisha ikifanya kazi ama imekwama. Na msiipeleke kwa zamu ya meri-go-raundi, ati namba yangu ndio inafuata: mwenye mtoto nasari anaichukua kwanza hata kama alijiunga juzi na bado ana deni la mchango. Mweka hazina najua hapo tutakosana, tutaongea tukikunywa chai.