Neno lililobaki kwenye leseni ya tiba

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Marekani, kwenye sheria za tiba ya sindano, yaani acupuncture, ya kuchoma sindano nyembamba zisizo na dawa, na mitishamba ya Kichina. Majimbo kadhaa kule yamekuwa yakifuta neno Oriental kwenye sheria hizo.

MUSSA: Ngoja kwanza, dada. Hilo neno si maana yake ni "wa mashariki" tu? Ubaya uko wapi?

ZUHURA: Mashariki ya nani? Ni mashariki ukiwa umekaa Ulaya. Lakini Wamarekani wenye asili ya Asia wanaolipinga hawalalamikii ramani. San Francisco walikuwa na shule ya kutenga watoto, imeitwa hivyohivyo, Oriental Public School. Mwaka 1906 bodi ya shule ikaamuru watoto wa Kijapani na Kikorea waende huko na wenzao wa Kichina. Japani ikaja juu, mpaka Rais Theodore Roosevelt akaingilia kati.

MUSSA: Aisee! Kumbe lilikaa mpaka kwenye jina la shule. Sasa limefikaje kwenye tiba?

ZUHURA: 1971, James Reston, mwandishi wa New York Times, alishikwa na kidole tumbo akiwa Beijing. Wakampasua kwa ganzi ya kawaida, ila maumivu ya baadaye wakamtuliza kwa sindano hizo nyembamba. Akaandika gazetini, Wamarekani wakachangamkia. Mwaka 1973 Nevada ikatunga sheria ya kuwapa leseni watoa tiba hiyo, majimbo mengine yakafuata. Watunga sheria wakachukua neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu wakati ule.

MUSSA: Likagandia hapo.

ZUHURA: Likagandia. New Mexico leseni yenyewe kwa miaka mingi imekuwa ya "Doctor of Oriental Medicine".

MUSSA: Lakini si niliona Obama alishalifuta?

ZUHURA: Mei 2016 alisaini muswada wa mbunge Grace Meng wa New York. Ulipita bila kura ya kupinga. Ila uligusa sheria mbili za shirikisho za miaka ya 1970, zilizokuwa bado zinataja Negro na Oriental. Leseni za tiba ni mambo ya majimbo, kwa hiyo kila jimbo lifanye kazi yake.

MUSSA: Hapo mimi nina wasiwasi. Mtu ana shahada ukutani yenye neno hilo, ana kibao nje, wateja wamemzoea. Unambadilishia cheo, bima inamuuliza wewe ni nani tena?

ZUHURA: Na wapo waliosomea tiba hiyo, wengine wenye asili ya Asia, wanaosema neno limezeeka tu, si tusi. Tazama jimbo la Washington. Neno lilizuiwa kwenye sheria mpya za jimbo tangu 2002. Mwaka 2010 wakabadilisha cheo cha mtoa tiba ya sindano kikawa "mtoa tiba ya Asia Mashariki". Heshima ipo, sawa. Lakini mgonjwa mwenye mgongo unaouma anatafuta nini kwenye simu?

MUSSA: Sindano! Hatafuti bara zima.

ZUHURA: Basi 2019 sheria ikarekebishwa tena, neno la sindano likarudi kwenye cheo. Kwangu hilo ndilo jibu: mwite mtu kwa kazi anayofanya, habari za alikotoka babu yake ziache.

MUSSA: Hapo nakubali. Na sisi tusicheke sana, maana Kenya sheria ya uchawi ya 1925 inataja "witchdoctor".

ZUHURA: Na Tanzania je? Sheria ya zamani ya madaktari iliwaruhusu waganga watibu kwa njia za "native", yaani za wenyeji, tena ndani ya jamii yao tu.

MUSSA: Yaani mganga wa Kisukuma asimtibu Mzaramo?

ZUHURA: Ukiisoma ilivyoandikwa, ndiyo maana yake. Ndiyo maana sikubali kwamba haya ni maneno tu, kaka. Neno la kabila lilikuja na mpaka wake.

MUSSA: Na foleni ya Loliondo, kwa Babu wa kikombe cha dawa, 2011? Watu walitoka mpaka Kenya!

ZUHURA: Wakati huo tulishakuwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002. Mganga anasajiliwa na Baraza, na anayemtibu hahitaji kuwa wa kabila lake.