Medali za John Kerry: Nani Alikuwa Mtoni?

Mabibi na mabwana, mmeniomba nizungumzie rekodi ya kijeshi ya John Kerry, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 2004 kwa chama cha Democratic dhidi ya Rais George W. Bush. Niseme mapema kwamba niko upande wake, ingawa si kwa kila jambo.

Julai 2004 Kerry alipanda jukwaani Boston, kwenye mkutano mkuu wa chama chake, akapiga saluti, akasema anaripoti kazini. Agosti haijatimiza wiki, maveterani wa Vietnam waliojiita Swift Boat Veterans for Truth wakatoa tangazo la televisheni: huyu ni mwongo, medali zake si halali.

Sasa twendeni mtoni. Tarehe 13 Machi 1969, mto Bay Hap, kusini kabisa mwa Vietnam. Mashua za doria zilizoitwa Swift Boat, bodi zake za alumini, zinasafiri kwa msafara. Bomu lililotegwa majini linailipua mojawapo. Mlipuko mwingine unamtupa mtoni Jim Rassmann, ofisa wa kikosi maalumu aliyepanda mashua ya Kerry. Rassmann anazama kukwepa risasi, anaibuka kuvuta pumzi, anazama tena. Kerry anageuza mashua, anakwenda omoni akiwa ameumia mkono, anainama na kumpandisha. Rassmann huyo, aliyekuwa mwanachama wa Republican, alijitokeza mwenyewe Iowa Januari 2004 kuyasimulia.

Wapinzani wakadai siku ile hakuna aliyefyatua risasi kutoka ukingoni. Mmoja wao ni Larry Thurlow, kamanda wa mashua nyingine pale pale. Lakini Thurlow naye, kama Kerry, alipewa medali ya Nyota ya Shaba kwa tukio hilohilo, na maelezo ya medali yake yanataja risasi za adui! Alijitetea kwamba yaliandikwa kutokana na ripoti ya Kerry. Mnisamehe, hapo nashindwa kumfuata.

Na Nyota ya Fedha, medali nyingine aliyopewa Kerry, kwa tukio la tarehe 28 Februari mwaka huohuo? Siku ile zilikuwepo mashua tatu. Kamanda mmoja aliuawa baadaye vitani; aliyebaki, ukimwacha Kerry mwenyewe, ni William Rood, mhariri wa Chicago Tribune, ambaye kwa miaka alikataa kulizungumzia. Agosti 2004 aliandika: kuzielekeza mashua moja kwa moja kwenye shambulio ulikuwa mpango waliokubaliana kabla, na mkuu wao, Roy Hoffmann, aliwapongeza. Hoffmann huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa kinara wa wapinzani.

Yapo ya kumlaumu Kerry. Madai yake ya kuwa ndani ya Kambodia siku ya Krismasi 1968 hayakusimama, hata timu yake ya kampeni ikarudi nyuma. Aliondoka Vietnam baada ya miezi minne hivi, kwa kanuni iliyomruhusu aliyejeruhiwa mara tatu. Kanuni ilikuwepo, akaitumia.

Ila chanzo cha hasira hizi, kwa maoni yangu, hakikuwa mto wowote. Kilikuwa Aprili 1971, Kerry alipokaa mbele ya kamati ya Seneti na kueleza ukatili uliotendwa na wanajeshi wa Marekani. Wengi waliona amewapaka matope. Hilo ni neno la kujadiliwa, na wangelisema hivyo tangu mwanzo ningewasikiliza. Medali ni kesi nyingine, na Septemba 2004 mkaguzi mkuu wa jeshi la majini aliona zilitolewa kwa kufuata taratibu. Wapiga kura walikwenda vituoni Novemba 2. Bush akapata kura 286 za wajumbe wanaomchagua rais, Kerry 251.