Kidonge, Binti na Sitara: Mazungumzo ya Alasiri, Langoni, Lamu

Assalamu alaikum mama zangu, dada zangu, na nyinyi kina baba mliobaki barazani mkasema mnasikiza tu. Ingieni, jamvi ni refu.

Nimeitwa nijibu swali moja: je, mzazi amwachie binti yake aliyevunja ungo ameze vidonge vya kupanga uzazi? Nimekuwa mkunga zaidi ya miaka 30, hapa mjini na huko Faza na Kizingitini, na swali hili sijaulizwa kwa sauti hata siku moja. Huulizwa mlangoni, mtu ameshavuta buibui aende zake. Leo tuliulize tukiwa tumekaa.

Tuanze na kidonge chenyewe. Pakiti mnazoziona sana zina vidonge 28: 21 vina homoni mbili, na 7 vya mwisho mara nyingi ni vya madini ya chuma, ndipo damu hutoka. Homoni hizo huzuia yai lisitoke, na huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito mbegu zisipite. Hakiui kizazi. Akiacha kumeza, uwezo wa kushika mimba hurudi. Lakini ni dawa, si peremende. Miezi ya mwanzo huleta kichefuchefu, kichwa kuuma, matone ya damu. Mwenye presha hapewi hiki cha homoni mbili, wala aliyewahi kugandwa na damu mguuni, wala mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli kabla kichwa hakijauma. Na akiwa anatumia rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu, kidonge hupungua nguvu. Ndiyo maana nasema hakiazimwi kwa jirani.

Kisha yupo binti ambaye hana mwanamume wala hana habari naye. Nililetewa mmoja, kidato cha pili. Kila mwezi haendi shule siku tatu, nne, amejikunja kitandani, na damu inamtoka mpaka viganja vimekuwa vyeupe. Daktari akamwandikia vidonge hivi hivi, kwa sababu hupunguza damu na maumivu. Mamake akavikataa. Akaniambia, "Bi, watu wakiviona watasema nini?" Mtoto akaendelea kutokwa na damu kwa ajili ya watu. Siku alipoanguka darasani, hao watu hawakuwapo kumbeba. Nilimkasirikia mama yule, na mpaka leo sijapoa. Kwa binti kama huyo jibu langu ni ndiyo, na asubuhi ya kesho ni kuchelewa.

Sasa lile mnalolingojea. Zinaa ni haramu. Sikuja hapa kuihalalisha, na kidonge hakiihalalishi. Lakini uchunguzi wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta wasichana 15 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Na wanaoogopa kuuliza nyumbani wanajua duka la dawa liko wapi. Wananunua P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba inayotakiwa imezwe ndani ya saa 72 baada ya tendo, wakaifanya desturi ya kila wiki. Hakuna aliyewapima presha. Hakuna aliyewaambia kwamba si P2 wala kidonge cha kila siku kinachozuia ukimwi.

Alinijia mama mmoja jioni, mbiombio. Binti yake ana miaka 15. "Nipe vidonge, nataka kumsitiri mwanangu." Nikamuuliza, kumsitiri na nani? Akanyamaza kitambo kirefu. Kumbe ni mtu mzima, anayekula sahani moja nao. Mama zangu, kidonge kile kingemsitiri nani? Tumbo lisingeonekana, na yule bwana angeendelea kuingia na kutoka. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeandika kifungo kisichopungua miaka 20 kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15. Mama aliondoka amenikasirikia. Wiki iliyofuata alirudi na binti yake, na safari hii tulianza kwa kumsikiliza mtoto.

Kwa hiyo mzazi anayetoa kidonge bila kuuliza neno simuungi mkono, na anayekataa bila kuuliza neno ni vivyo hivyo. Mjue sababu. Nenda naye kliniki wewe mwenyewe, kaa naye kwenye benchi, kisha umwache aingie peke yake kwa muuguzi, kwa maana yako mambo hatayasema ukiwa umemkazia macho. Likibainika jambo la kunajisiwa, kidonge si mwisho wa safari hiyo.

Zamani binti akivunja ungo alikuwa na somo wake, akaambiwa mambo ya mwili wake na mtu anayemwamini. Siku hizi somo haitwi mpaka wiki ya harusi, na simu imeshamfundisha mtoto miaka mitano kabla. Nani hapa alimweleza binti yake habari ya hedhi kabla haijamjia? Nyosheni mikono nione.

Naona mitatu. Haya, tuanzie kwa hao watatu watwambie walisemaje, kisha yule dada aliye karibu na nguzo, ana swali tangu mwanzo.