Okidi Nne za Kitulo

Asanteni, kaeni. Nimeombwa nizungumzie takwimu kwa wanafunzi wa biolojia, na mwenyekiti kanisihi nisiwachoshe. Basi twende Kitulo moja kwa moja, ile hifadhi ya maua, zikiwemo okidi, kusini mwa Tanzania.

Tuseme kundi lenu limepanda zile kona 57 za kutoka Chimala kwenda Matamba, likaingia hifadhini na fremu ya mita moja kwa mita moja. Mmeilaza kwenye majani mara kumi, mkahesabu okidi: 0, 0, 0, 1, 0, 18, 0, 2, 0, 19. Jumla 40, wastani 4. Ripoti inaandikwa: kila mita ya mraba ina okidi nne.

Nani kaziona hizo nne? Hakuna fremu hata moja iliyozipata. Panga namba kuanzia ndogo, katikati utakuta sifuri. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, unakaribia 7.7. Umeuzidi wastani wenyewe!

Sasa zidisha 7.7 kwa yenyewe, upate variansi, karibu 59, kisha gawa kwa wastani. Okidi zingeota popote bila mpango, jibu lingekaribia 1. Zingepangwa kwa nafasi sawa kama michai ya Mufindi, lingeshuka chini ya 1. Sisi tumepata karibu 15: zimejikusanya. Mimi hapa ndipo naanza kufurahi, maana sasa kuna la kuuliza. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula. Bila kuvu wa udongoni haioti. Je, kuvu wako sehemu chache? Ni unyevunyevu? Au wachimbaji wa chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi, wamepita kwenye zile sifuri, na viazi vimeshavuka kwenda Zambia?

Mtaniambia tuongeze fremu. Sawa, ila kosa sanifu la wastani wetu, yaani kipimo cha wastani unavyoweza kuyumba tukirudia sampuli, kama 2.4, hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu. Kulifanya nusu, fremu 20 hazitoshi, zinatakiwa 40. Na zote 40 zikilazwa kando ya barabara kwa kuwa mvua inanyesha na dereva anapiga honi, mtakuwa mmepima kando ya barabara. Sehemu zichaguliwe kwa bahati nasibu, kabla hamjashuka garini.

Mvua yenyewe msiikimbie. Kiangazi okidi nyingi hubaki viazi ardhini, kwa hiyo sifuri ya Agosti haithibitishi kwamba mmea haupo. Rudieni fremu zilezile Februari, ndipo tubishane.