Kishikio cha Tochi ya Kuzamia: Tengeneza Mwenyewe kwa Bomba la PVC

Assalaam aleikum ndugu zangu wazamiaji, na nyinyi mnaoanza, karibuni. Niko uani kwetu hapa Shella, Malindi, na mpwa wangu ndiye aliyeshika kamera. Leo tunatengeneza kishikio cha tochi ya kuzamia, kile unachokivaa mkononi tochi ikakaa juu ya mgongo wa kiganja. Wazamiaji wa mapangoni hukiita Goodman. Madukani kipo, ila huagizwa kutoka ng'ambo na bei yake si ya mchezo. Hiki chetu ni bomba la maji taka, mpira wa baiskeli na klipu mbili.

Kwanza niwaambie kwa nini nakihimiza. Siku zangu za mwanzo za kuzamia usiku, tochi nilikuwa nimeifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono. Tulipoanza kupanda juu, nikahitaji mkono huo kubonyeza kitufe cha kutoa hewa kwenye jaketi, lile la kuzamia linalojazwa hewa ili uelee. Nikaiachia tochi ikaning'inia, mwanga ukawa unazunguka ovyo na kummulika mwenzangu machoni. Halafu kamba ikanasa kwenye tumbawe. Nilijinasua, hakuna aliyeumia, lakini tumbawe lilivunjika, na mwenzangu alikaa kitambo haoni kitu kwa ule mwangaza. Tangu siku hiyo tochi yangu hukaa mgongoni mwa kiganja. Vidole viko wazi, na mkono ukielekea mahali, mwanga nao umefika.

Haya, vifaa. Kipande cha bomba la PVC la inchi 4, lile jembamba la maji taka. Usichukue la maji ya shinikizo, ni nene na litakusumbua kulikunja. Mpira wa ndani wa baiskeli, hata uliotoboka. Klipu mbili za kubania mipira ya maji ya gari, na hapa usikubali yoyote tu: dai za chuma kisichoshika kutu. Nenda na sumaku ukitaka, lakini sumaku haitoshi, kwa sababu klipu nyingi zina ukanda mzuri na skrubu ya chuma cha kawaida. Chumvi ya bahari hii itaila hiyo skrubu, na siku unataka kuifungua haizunguki. Muulize muuza duka juu ya skrubu yenyewe. Zaidi ya hapo ni msumeno wa chuma, tupa, msasa, drili, sufuria ya maji ya moto, na kipande cha ubao wa unene wa inchi moja na nusu.

Tuanze na mkono wako. Chukua futi ya fundi cherehani, pima upana wa kiganja kwenye vifundo vya vidole, bila kidole gumba. Changu ni sentimita 8 na nusu. Ongeza moja na nusu ya nafasi, inakuwa 10. Ukizamia na glavu, pima ukiwa umeivaa. Sasa uchonge ule ubao uwe na upana huohuo. Huo ndio utakuwa kalibu yetu.

Kata pete ya bomba yenye upana wa sentimita 5. Ipasue mara moja ili ifunguke. Bomba la inchi 4 lina mzingo wa karibu sentimita 34, kwa hiyo utepe unaoupata unatosha na kubaki. Kwa mkono wangu nahitaji 24: kumi za juu, nne za ubavuni upande wa kidole cha mwisho, kumi za chini zinazopita ndani ya kiganja. Upande wa kidole gumba tunauacha wazi, mpira ndio utakaouziba. Sehemu ya chini ipunguze upana ibaki sentimita 2 na nusu, vidole viweze kuifumbata. Piga tupa kingo zote, kisha msasa, kisha pitisha kidole taratibu. Ikikukwaruza hapa uani, majini ngozi ikishalainika itakukata.

Kukunja ndiko kwenye kazi, mpwa wangu, sogea hapa karibu. PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi za selsiasi, maana yake maji yanayochemka yanatosha. Usitumie moto wenyewe. Nimewaona watu wakilishika bomba juu ya makaa mpaka linaungua, na ule moshi ni sumu, una asidi inayochoma koo na mapafu. Chovya utepe kwenye maji yanayotokota, subiri dakika mbili tatu, utoe kwa koleo. Tazama, unainama kama ngozi ya kiatu. Vaa glavu nene, uzungushie ubao haraka: juu, ubavu, chini. Kaza kwa mikono, kisha tumbukiza vyote, ubao na PVC, ndani ya ndoo ya maji baridi. Usiachie mpaka uhisi imeshakuwa ngumu. Kona haikukaa sawa? Irudishe kwenye maji ya moto, uanze tena. PVC ina kumbukumbu, ukiipasha joto inataka kurudi ilivyokuwa bombani. Ndiyo maana kishikio hiki hakiachwi kwenye dashibodi ya gari wala juu ya sitaha jua la saa saba.

Sasa mahali pa tochi. Kwenye sehemu ya juu toboa mianya minne, miwili mbele na miwili nyuma, ya kupitisha klipu. Kila mwanya ni matundu mawili matatu ya drili yaliyounganishwa kwa tupa. Tochi ilale sambamba na mkono, kichwa chake kitokeze mbele ya vifundo kidogo, ili mwanga usigonge vidole vyako mwenyewe.

Kabla ya kufunga klipu, kata vipande viwili vya mpira wa baiskeli, kimoja kilale chini ya tochi, kingine kizunguke mwili wake mahali klipu inapopita. Mpira huu si wa kuzuia kuteleza tu. Tochi nyingi zina mwili wa alumini, na alumini ikigusana na chuma cha aina nyingine ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kwanza, kisha vishimo. Mpira unavitenganisha.

Kaza klipu mpaka tochi isizunguke ukiisokota kwa mkono, basi. Usikaze mpaka mwili wa tochi ubonyee, na klipu isikae karibu na kiungo kinachofunguliwa kubadili betri, maana ndani yake ndipo ulipo ule mpira wa duara unaozuia maji. Kila unapoteremka mita 10 mgandamizo unaongezeka kwa kiasi cha hewa yote iliyo juu ya bahari, na kiungo kilichopinda kidogo tu huanza kuingiza maji. Tochi yako ikiwashwa kwa kuzungusha kichwa, hakikisha kichwa bado kinazunguka. Na tafadhali, usiitoboe tochi yenyewe hata kwa msumari. Vichwa vya skrubu vielekee nje, na ukanda wa klipu uliozidi ukatwe na upigwe tupa, nami huufunika kwa mpira.

Kilichobaki ni kuziba ule upande wa gumba. Kata ukanda wa tyubu upana wa sentimita 2, toboa tundu kila ncha ya kishikio, pitisha na ufunge fundo kwa ndani. Urefu wake uupate kwa kujaribu: ukivaa kishikio kisicheze, lakini ukikivuta kwa mkono wa pili mara moja kichomoke. Hapa nawasihi sana. Mkono ukinasa kwenye wavu au kamba ya mtego chini ya maji, uwe na uwezo wa kukiacha kishikio kizima ukaenda zako. Wanaovaa glavu za neopreni, jueni glavu hukonda ukienda chini, kwa hiyo kinachobana juu kitalegea kwenye mita 20. PVC inazama, na tochi yenyewe inazama. Kwa hiyo weka kamba fupi yenye kishikizo cha shaba, uifunge kwenye jaketi wakati huitumii. Kwenye kifundo cha mkono, hapana.

Mimi huvaa mkono wa kushoto. Wa kulia ndio wa kumpa mwenzangu regyuleta, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa, hewa yake ikikatika. Wa kushoto, pamoja na tochi, bado unashika bomba la jaketi na kubonyeza kitufe bila shida, na hicho ndicho nilichokikosa usiku ule.

Majaribio ni kwa hatua. Kwanza beseni, kuona kama klipu zimeshika. Pili, maji yakijaa, ufukweni kwenye maji ya kiuno mchana, vaa na kuvua mara kumi ukiwa umefumba macho. Kisha uzamie nacho mchana, na uzamie na mwenzako. Hata mchana faida utaiona: rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji, ukifika mita chache tu kila kitu ni buluu na kijani. Mulika chini ya mwamba kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ile iliyotengwa mwaka 1968, utakuta tumbawe ulilodhani la kijivu ni jekundu kama kaa la moto. Mvua za vuli zikinyesha bara, mto Sabaki hushuka na tope, na upepo wa kaskazi hulisukuma kuja upande wetu. Siku hizo nyoosha mkono utoe tochi pembeni mbali na barakoa, mwanga usikurudie usoni kwenye vumbi la maji.

Na lugha ya mwanga mkubaliane kabla ya kuruka. Duara la polepole, niko salama. Kupeleka huku na huku polepole, nitazame. Huku na huku kwa haraka, kuna hatari, njoo. Usimmulike mtu usoni, mulika mbele yake ndipo afuate. Tochi ya akiba iwe mfukoni, kila mara.

Ukitoka, ichovye yote kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kama nusu saa, ianike kivulini, kisha shika tochi uisokote. Ikizunguka hata kidogo, kaza klipu hapohapo, usingoje mpaka uwe kwenye mashua.